Mtani Wangu Aliandika Puto

Mimi si mlevi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikitaka kueleza habari ya Mzenga, wa kwanza kufungua mdomo huuliza nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi, kikombe kimoja, saa kumi na mbili asubuhi, na kombati yangu ilikuwa imepigwa pasi. Nilikuwa askari kijana, mwenye mabega na kimbelembele. Basi, tuelewane kwa hilo kwanza, mengine yatafuata.

Siku hiyo tulitumwa wawili. Kuna kitu kimeanguka kwenye mikorosho ya wakulima huko Mzenga, Kisarawe, tukaambiwa, nendeni mkakilinde mpaka malori yafike. Mimi nilikuwa zamu, ndiyo maana nikatajwa. Mwenzangu alitajwa kwa kuwa ni mzaliwa wa hukohuko na njia zote za mkato alikuwa nazo kichwani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Kwa asiyejua, hao ni watani tangu enzi za wapagazi waliokuwa wakishusha mizigo kutoka bara. Mtani hana adabu kwako, nawe huna adabu kwake, na hakuna ruhusa ya kununa. Atakunyang'anya sahani mkononi, atautukana ukoo wako mbele ya wakwe, nawe utacheka. Ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja kufanya vituko msibani ili majonzi yasikumalize. Sisi wawili tuliitana Mtani tangu tukiwa kuruta, mpaka wakubwa wetu nao wakasahau majina yetu ya kweli.

Tulikikuta kimelala kati ya mikorosho miwili. Ukubwa wake kama trekta lililong'olewa magurudumu. Bawa hakina, mkia hakina, na nilizunguka mara mbili nikitafuta mahali palipochomelewa, nisipaone. Rangi yake ilikuwa ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Hapakuwa na moto wala moshi. Nyasi za kukizunguka zilikuwa zimelala zote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono nikakigusa.

"We mpagazi!" mtani wangu akafoka. "Kila kitu ukikiona unataka kukibeba?"

Kilikuwa cha baridi. Jua la saa nne linapasua utosi, na kile kitu ni cha baridi kama mtungi wa maji. Kiganja kikaingia ganzi papo hapo. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wangu wa kulia havijapona mpaka leo. Ukivichoma sindano sisikii, na mke wangu ni muuguzi mstaafu, ameshavichoma.

Tulilinda mpaka alasiri. Mmoja wa ile mikorosho shina lake lilikuwa limeinama mpaka likagusa ardhi, kisha likanyanyuka tena, na hapo kwenye kipindo ndipo tulipokaa, bunduki magotini, tukagawana muhogo wa kuchoma aliokuwa amepewa na mama yake mdogo tulipopita kwake njiani. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wao. Babu zake walizikwa hatua kama mia mbili kutoka pale. Hatukutaniana sana siku hiyo. Nikamwambia, "Mtani, wakituuliza, tunaandika tulichokiona. Wote wawili, neno kwa neno." Akasema, "Neno kwa neno." Akanipa mkono, nikaushika kwa mkono ule ule wenye ganzi. Nikacheka, nikamwambia sihisi kama nimeshika mkono wa mtu au mkia wa mbuzi.

Malori yalikuja, likatandazwa turubai, wakakipakia, wakaondoka. Jioni tukawekwa vyumba mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake na kalamu. Niliandika sentensi nyingi, lakini iliyonigharimu ni hii: "Si ndege, si puto, na mimi sijui ni nini." Nikaweka sahihi, nikaenda kulala kama mtoto.

Sikufukuzwa, siwezi kusema uongo. Nilipelekwa kwa daktari mara tatu kupimwa kichwa, kisha nikawekwa kulinda stoo ya magodoro. Wenzangu wakanibatiza Koplo Mwezini, na nilistaafu hivyohivyo, koplo. Mtani wangu akapanda, akapanda, mpaka akawa sajenti meja. Sikumwonea kijicho. Nilisema huyu ana nyota, halafu gwaride lake lilikuwa safi, mtu akitembea utadhani amemeza rula. Niliamini kwamba naye aliandika kama mimi, ila yeye Mungu alimfunika. Niliamini hivyo miaka yote. Mjinga mkubwa mimi.

Sasa nije kwa mke wangu, maana kisa chote hiki ni chake. Yeye ni wa kule mlimani, Mchaga, mtu wa vipimo na saa. Tumeishi vizuri, tumejenga hapa Pangani ya Kibaha, tunafuga kuku, watoto wamekua. Lakini tangu nilipomweleza habari ile, tukiwa bado wachumba, hakuniamini. Hakunicheka pia. Alisema tu: "Wodini, dawa kali haidungwi na mtu mmoja. Mmoja anasoma, wa pili anahakiki, ndipo inaingia kwa mgonjwa. Niletee wa pili."

Nikawa nachukulia mzaha. Mpaka mwaka juzi. Mke wangu alinisindikiza kliniki ya presha, daktari kijana akaniuliza hii ganzi ya vidole ilianza lini. Nikaanza kumweleza. Mke wangu akanigusa goti, akamwambia daktari, "Hayo yaache, mwanangu, andika tu ni ya muda mrefu." Jioni ile ile nikiwa bandani kwa kuku nikamsikia anamwambia binti yetu jikoni: "Baba yenu ni mtu mwema sana. Ila kuna chumba kimoja kichwani mwake mimi sijawahi kuingia, na siku hizi naogopa kisije kikala nyumba nzima."

Weee! Iliniuma, nisifiche. Nilisimama pale na ndoo ya pumba mkononi, kuku wananidonoa viatu. Mwanamke ambaye nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo ananiona nina ufa kichwani, na ananifichia kwa upole. Afadhali angenicheka. Nikaapa kwamba kabla sijaingia kaburini, mke wangu ataniamini. Sikutaka gazeti, sikutaka redio, sikutaka cheo cha kuchelewa. Nilimtaka yeye tu.

Nikampigia mtani. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao Mzenga, analima mikorosho ileile. Nikamwambia shida yangu yote bila kuficha. Akasema, "Nitakuja, mtani. Nitamwambia shemeji." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hata tusi moja, na hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Mjukuu wetu alikuwa apokee komunyo ya kwanza. Tukakodi turubai na viti, wakaja majirani, wakaja ndugu wa mkwe kutoka Tangini, ikapikwa pilau na ndizi za kimlimani. Mtani akafika amevaa kanzu na koti, kofia imekaa upande. Hajakaa kwenye kiti keshaanza: "Jamani, mmeona wapi Mnyamwezi anajenga nyumba ya matofali? Huyu alizoea kulala chini ya mzigo!" Watu hoi. Akachukua paja la kuku kwenye sahani yangu. Nikamjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma huacha maiti ya mama yake mlangoni. Watu hoi zaidi. Mke wangu anafuta machozi kwa kucheka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Marehemu baba yangu alikuwa akisema mtani haitwi barazani kutoa ushahidi, hata kama yeye peke yake ndiye aliyeona, kwa sababu watu wakimwona anasimama tayari meno yako nje. Nilikuwa najua. Lakini nilikuwa nimeona mke wangu amekaa karibu, ametulia, nikasema ndiyo saa yenyewe. Nikasimama. Nikasema, "Sasa tuache utani. Mtani, mwambie shemeji yako tulichokiona Mzenga."

Mke wangu akaweka sahani chini, akamtazama. Nakuapia, alikuwa tayari. Ninamjua ninayeishi naye, uso ule ulikuwa wa muuguzi anayesubiri mwenzake asome chupa.

Mtani akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaangalia juu kwenye turubai. Kisha akaachia kicheko. "Shemeji," akasema, "huyu ni mtani wangu, bwana! Mimi nilimtania siku moja tukiwa lindo, nikamwambia kile ni chombo cha majini na mashetani. Mnyamwezi akabeba! Kabeba mpaka leo hajatua!"

Turubai zima lilipasuka kwa kicheko. Mkwe wangu anapiga meza. Na mke wangu, Mungu ambariki kwa wema wake, naye akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo. Akanishika mkono mbele ya watu, akasema, "Kumbe ulitaniwa tu, baba watoto. Kumbe ndiyo hivyo tu." Alifurahi. Alifurahi kwamba mumewe hana wazimu, ana ujinga. Nami nikacheka, maana kwa mtani hakuna kununa. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma.

Nilimsindikiza mtani mpaka kituoni. Tulipoiacha nyumba nikamgeukia. "Umenitosa," nikamwambia. "Umenitosa mbele ya mke wangu. Kwa nini?"

"Ningefanyaje, mtani? Karatasi yangu inasema puto."

"Karatasi gani?"

"Ya siku ile. Niliandika puto la hali ya hewa. Wino haujakauka kwako, mimi nilishamaliza."

Nikahisi kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikamuuliza, na ile neno kwa neno? Na ule mkono? Akavua kofia, akaipangusa, kumbe hata vumbi haina.

"Ile ardhi ni ya kwetu," akasema. "Wewe kwenu ni Tabora. Ningeandika sijui ni nini, pale pangewekwa uzio kesho yake. Mama yangu angehamia wapi? Makaburi ya babu zangu je? Nikisema puto, puto limeondoka na lori, watu wanarudi kupalilia."

Sikiliza, hapo ndipo aliponichinja kabisa. Kwa sababu alikuwa na haki. Mimi pia ningefanya hivyo kwa mama yangu. "Ungeniambia," nikamwambia. "Ungenong'ona tu, mtani, naomba andika puto. Ningeandika puto mara kumi! Kwa nini uliniacha niandike peke yangu?"

Akairudisha kofia kichwani. "Nilikuogopa," akasema. "Wewe na mdomo wako. Ungekuja kunitania siku moja mbele ya wakubwa, Mzaramo kaficha jini kwa ajili ya korosho. Watu wangecheka, halafu mmoja angefikiri."

Basi. Koplo Mwezini, magodoro, daktari mara tatu, chumba kichwani, yote ni kwa sababu alidhani nitamtania. Gari likaja, akapanda, hakunipungia mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Nilirudi nyumbani nikakuta mke wangu anakunja vitambaa vya meza huku anaimba.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kwamba yule wa pili sasa amekiri, ila njiani, bila shahidi? Angerudisha ule uso wake wa upole. Miezi ikapita bila kupigiana simu.

Kisha simu ikaja kutoka Mzenga. Mtani kafariki, moyo tu, alikuwa anakusanya majani shambani. Nilimwambia mke wangu, "Siendi." Akanishangaa. "Mtani wako? Nani atafanya utani msibani?" Akatoa kanga zake sandukuni, mkwe akaja na gari, tukapita Mlandizi, tukaingia njia ya vumbi.

Nilipofika, watu walinipokea kwa vifijo vile vya msibani. Mtani kaja! Walikuwa wananisubiri. Wanawake wamekaa mikekani uani, mke wangu akaenda kukaa nao. Wanaume wakalinyanyua jeneza. Na kazi yangu kimila ni moja: kuzuia. Mtani huziba njia, maiti haitoki mpaka mtu wa ukoo amkomboe marehemu kwa kitu chochote, hata kuku, hata neno zuri.

Nikalala kizingitini. Umri wangu huu, na suruali yangu ya kanisani, nikalala chali mlangoni. Kicheko. Nikasema, "Huyu hatoki! Hazikwi huyu mpaka aseme alichokiona kwenye mikorosho!"

Kicheko kikaongezeka. Nikaendelea, na sauti yangu ikaanza kunitoka vibaya. Nilisema tulikuwa wawili. Nilisema kilikuwa cha baridi. Nilisema tulipeana mikono. Nilisema mtani wewe ulinigeuka, ulinigeuka na nilikupenda kuliko ndugu wa tumbo moja. Nikawa nalia, machozi ya kweli yanaingia masikioni kwa vile nimelala. Na watu, masikini, wakawa wanashikana mbavu, kwa sababu mtani akilia msibani ndiyo utani wenyewe. Bibi mmoja akasema, "Loo, huyu kafundwa!"

Mdogo wa marehemu, naye mzee sasa, akaja kumkomboa ndugu yake. Akainama, akaniwekea korosho mbichi kiganjani, akasema kwa sauti ya kuchekesha, "Aliona puto, mtani, puto tu! Mpishe apite!"

Korosho ile iliangukia kwenye vidole vyangu vilivyokufa, sikuihisi. Nikanyanyua kichwa kumtafuta mke wangu. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Sikujua anacheka au anaona haya. Nikainuka, nikapisha.

Wanawake wakabaki uani, maana msiba ulikuwa wa Kiislamu na wanawake hawaendi kaburini. Sisi wanaume tukafuata jeneza. Nilikuwa nyuma, najipangusa vumbi, sitazami mbele. Tulipoyafikia makaburi ya ukoo nikasimama, nikadhani tumefika. Jeneza likapita. Nikamuuliza aliye mbele yangu, mbona tunapita? Akasema ni wasia wa marehemu, alichagua mahali pake mwenyewe, mpaka akapachora kwa jembe, ndugu walibishana naye mwaka mzima bila kufaulu. Tukatembea hatua kama mia mbili.

Mkorosho ule bado upo. Umezeeka, umeoza upande mmoja, lakini shina lake bado limeinama mpaka chini na kunyanyuka. Na kaburi lilikuwa limechimbwa palepale. Si karibu na pale. Palepale, kati ya mikorosho miwili, mahali ambapo duniani walikuwa wamebaki watu wawili tu wanaopajua, na mmoja alikuwa anashushwa ndani.

Wakaniita, mtani mbona kimya, njoo uruke kaburini. Sikuweza. Nilikaa kwenye kile kipindo cha shina. Basi kumbe alisema. Alikuwa ametoa ushahidi wake mwishowe, kwa mwili wake mzima, neno kwa neno. Na akautoa mahali pekee Kisarawe nzima ambapo mke wangu hawezi kufika kuusikia. Nilimlaani, Mungu anisamehe. Kisha nikaenda nikatupa mafumba yangu matatu ya udongo kwa mkono wa kulia.

Kwenye gari, tulipoikaribia Mlandizi, mke wangu aliniuliza, "Wamemzika na babu zake?"

"Hapana. Peke yake, kwenye mikorosho."

"Peke yake? Mzaramo azikwe mbali na ukoo wake? Kwa nini?"

Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti, ananitazama, ule uso wa kusubiri mwenzake asome chupa. Nilifungua mdomo. Nikaona nitakachosema, nikaona na nitakavyotazamwa: mzee aliyelala kizingitini akilia mchana, sasa anasema maiti imemtolea ushahidi.

"Mtani wangu yule," nikamwambia. "Ananitania."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliuchukua mkono wangu wa kulia akauweka mapajani mwake, akaanza kuvibonyeza vile vidole viwili, kimoja kimoja, kama anavyofanya kila jioni, akiniuliza kama nahisi.